Filingi ya shingo ya jino imetoka mara tatu: tumlaumu nani, gundi au jino?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, ila nimezaliwa na kukulia Singida na meno yangu yana madoa ya kahawia tangu utotoni. Jino la juu kulia, la kwanza nyuma ya chonge, limechimbika shingoni, pale linapokutana na fizi. Limezibwa kwa dawa ya rangi ya jino mara tatu ndani ya miaka miwili, kwenye kliniki mbili tofauti, na ya mwisho imekaa miezi minne tu. Gego la chini lililozibwa siku ileile ya kwanza bado lipo imara. Haliumi, ila maji baridi yanalishtua, na usiku mwingine naweka karafuu. Mara ya mwisho daktari alipaka gundi ya kichupa kimoja, akapuliza, akapiga taa, dakika kumi nikawa nje. Jirani anasema ni gundi feki, mwingine anasema ni maji yetu ya chumvi. Nimesoma kwamba gundi ya hatua tatu ni bora zaidi. Niidai hiyo? Au nichimbwe zaidi ili ishike? Kipande kilichotoka ninacho, naweza kukibandika kwa supaglu wakati nasubiri?"*

Marahaba. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, lakini yote yana mzizi mmoja: gundi ya meno inashikaje, na kitu gani kinaifanya iachie. Tukielewana hapo, ya maji ya chumvi na ya supaglu hayatatuchukulia muda.

Ushahidi mkubwa umeuandika mwenyewe bila kujua. Gego lililozibwa siku ileile bado lipo imara. Mkono uleule, taa ileile, na bila shaka kichupa kilekile. Gundi feki haichagui jino. Nikiri hata hivyo kwamba gego lina kuta zinazoikumbatia filingi, kwa hiyo hata gundi ikilegea kidogo filingi haina pa kwenda. Shingo ya jino haina ukuta hata mmoja. Pale filingi imebandikwa kama lipu kwenye ukuta uliosimama, na kinachoizuia isidondoke ni gundi peke yake. Ndiyo maana watafiti wanaotaka kujua kama gundi fulani inafaa mdomoni mwa watu huijaribu kwenye shingo za meno zilizochimbika kama lako, wakawaita wagonjwa baada ya miezi 6, miezi 18, miaka 3 na zaidi, wahesabu filingi ngapi bado zipo na ngapi zimebadilika rangi pembeni. Kwa maneno mengine, jino lako linafanya mtihani mgumu kuliko yote.

Sasa tuingie ndani ya jino. Gundi inakutana na vitu viwili visivyofanana. Cha nje ni enameli, ambayo kwa uzito karibu asilimia 96 ni madini matupu: ngumu, kavu, haina habari. Chini yake kuna dentini. Hii ina madini kama asilimia 70, asilimia 20 hivi ni protini, hasa kolajeni, na asilimia 10 ni maji. Juu ya hayo imetobolewa na vijitundu vidogo sana, makumi ya maelfu katika eneo la milimita moja ya mraba, na ndani ya kila kijitundu kuna majimaji yanayosukumwa kutoka kwenye kiini cha jino. Enameli ni mbao iliyokaushwa juani. Dentini ni mti uliokatwa asubuhi hii. Muulize seremala yeyote wa Majengo ipi kati ya hizo inashika gundi.

Kushika kwenye enameli kulishatatuliwa zamani. Mwaka 1955, Mmarekani Michael Buonocore alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosforiki juu ya enameli, kisha ukaosha, plastiki ya meno inaganda pale vizuri kuliko kawaida. Yeye alitumia asidi kali ya asilimia 85. Leo tunatumia ya asilimia 35 hadi 37, ile jeli ambayo mara nyingi ni ya bluu. Asidi inakula ncha za enameli na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho, gundi inaingia humo ikiwa majimaji, taa inaigandisha, na imeshanasa. Ukiangalia enameli iliyofanyiwa hivyo vizuri, baada ya kuoshwa na kukaushwa inakuwa nyeupe isiyong'aa, kama imepakwa chaki. Kama bado inang'aa, asidi haijafanya kazi. Ushikaji wa namna hii unadumu miaka mingi.

Dentini ndiyo iliyosumbua. Asidi ikiipita, inaondoa madini ya juu kwa kina cha maikromita chache tu na kuacha nyuzi za kolajeni zikiwa wazi. Fikiria wavu wa mvuvi wa Mtera. Ndani ya maji umetanda, kila tundu liko wazi. Uvute ukauweke ufukweni, unalala chali, matundu yote yamefungana. Kolajeni ndivyo ilivyo: ikibaki na unyevu kidogo inasimama, gundi inapenya kati ya nyuzi na kuganda humo; ikipulizwa hewa mpaka ikauke kabisa inalala, na gundi inabaki juu juu. Tabaka hilo la nyuzi na gundi zilizoshikana, ambalo Nobuo Nakabayashi na wenzake wa Japani walilieleza mwaka 1982, ndilo linalobeba filingi yako upande wa dentini. Na upande wa pili wa sarafu ni huu: dentini ikiachwa na maji mengi, gundi inachanganyika nayo na kuwa nyepesi, ikiganda ina mapovu na njia za maji. Kwa hiyo daktari anatafuta hali ya katikati, jino lililofutwa maji kwa pamba ndogo na kubaki na mng'ao hafifu. Kosa la kukausha mno na kosa la kulowesha mno yote yana matokeo yaleyale, tofauti ni kwamba la kwanza mara nyingi linaambatana na jino kushtuka kwa baridi wiki ileile.

Hapa ndipo familia za gundi zinapoachana. Ile ya hatua tatu uliyoisoma ina asidi ya kuosha, kisha kimiminika cha kuandaa dentini, kisha gundi yenyewe, kila kimoja peke yake. Wenye viwanda wakaunganisha hivyo viwili vya mwisho kwenye kichupa kimoja, ikawa hatua mbili. Kuna familia nyingine ambayo haioshwi kabisa: asidi yake nyepesi imo humohumo ndani ya gundi, inakula na kupenya kwa wakati mmoja, nayo ipo ya vichupa viwili na ya kichupa kimoja. Kuanzia miaka ya 2010 zikaja zinazoitwa gundi za matumizi yote, kichupa kimoja ambacho daktari anaweza kukitumia pamoja na jeli ya asidi au bila jeli. Nyingi kati ya hizi zina kemikali iitwayo MDP, ambayo inajifunga na kalsiamu ya jino lenyewe, haitegemei kunasa tu.

Je, vichupa vingi ni bora? Mapitio makubwa ya tafiti za wagonjwa yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikusanya matokeo ya filingi za shingoni tu. Kwa wastani wa mwaka, glasi ayonoma (nitaieleza chini) ilipoteza filingi kama 2 katika kila 100. Gundi isiyooshwa, ya asidi nyepesi na vichupa viwili, ilipoteza 2.5. Ya hatua tatu uliyoisoma, kama 3. Ya kichupa kimoja isiyooshwa, yenye asidi nyepesi, 3.6. Iliyofanya vibaya ni ile ya kuosha iliyounganishwa ikawa hatua mbili, karibu 6, na mbaya zaidi zile zisizooshwa za vichupa viwili zenye asidi kali, zaidi ya 8. Kwa hiyo uliyosoma yana ukweli, ila yamekatwa katikati. Hatua tatu ni nzuri, lakini haipo peke yake kileleni, na kichupa kimoja chenye asidi nyepesi hakiko mbali nayo.

Tena hata hiyo mbaya zaidi haifikii kasi yako. Filingi tatu ndani ya miaka miwili, nyingine ikikaa miezi minne, haielezwi na tofauti ya kichupa na kichupa. Inaelezwa na mambo ambayo kichupa hakina uwezo nayo.

La kwanza ni madoa yako. Ulikulia Singida, mkoa ambao baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo ilifanya kazi yake wakati enameli ikitengenezwa, yaani kabla hujafikisha miaka 8 hivi. Maji unayokunywa leo Nkuhungu, yawe na chumvi au yasiwe nayo, hayaongezi doa wala hayalegezi gundi. Jirani wa pili alikaribia ukweli, akakosea aina ya maji na umri. Enameli ya namna yako ina ngozi ya juu iliyojaa madini kupita kawaida, inayokataa asidi, na chini yake ina vinyweleo. Gundi isiyooshwa, yenye asidi nyepesi, inaiteleza tu. Kwenye meno kama haya enameli inatakiwa ikwanguliwe kidogo kwa kichimbio kuondoa ile ngozi, kisha ipakwe jeli ya asidi ya fosforiki kwa muda mrefu kuliko kawaida, sekunde 30 hadi 60 badala ya 15. Kama daktari alipaka kichupa kimoja bila jeli, na katika maelezo yako hukutaja kingine, basi ukingo wa filingi ulio upande wa kutafunia, ambao ndio pekee wenye enameli, haukuwahi kushika sawasawa. Hili kwa maoni yangu ndilo mshukiwa namba moja.

La pili ni dentini yenyewe ya shingoni. Tundu kama lako halikutokana na kuoza. Limelika kidogo kidogo kwa miaka, na jino likajihami kwa kuziba vile vijitundu kwa madini. Ukiliangalia kwa karibu chini ya taa, sakafu yake ni ya manjano inayoelekea kahawia, laini na inang'aa kama sehemu ya kigae iliyosuguliwa na miguu. Asidi hailiingii vizuri, gundi haipati nyuzi za kushika. Dawa yake ni kuparuza hiyo sakafu kwa kichimbio kidogo, kina kisichofika hata nusu milimita, mpaka mng'ao uondoke.

Na hili linajibu swali lako la kuchimbwa zaidi. Kuparuza, ndiyo. Kuchimba shimo, hapana. Kuchimba shimo lenye mdomo mwembamba na tumbo pana ni mbinu iliyotumika kwa ile filingi ya rangi ya fedha, ambayo haina gundi na inategemea umbo la shimo kuishikilia. Kwenye shingo ya jino, kila milimita unayochimba inakusogeza kwenye kiini na kulifanya jino liwe dhaifu pale linapokunjika.

La tatu ni unyevu. Ukingo wa tundu lako ulio upande wa fizi uko sawa na fizi au umejificha ndani yake. Fizi iliyovimba kidogo inatoa majimaji na damu, na tone moja likigusa dentini iliyokwisha pakwa asidi, gundi itashika damu, haitashika jino. Pumzi ya mdomoni pekee inatosha kuweka ukungu. Likitokea hilo halifutwi kwa pamba kisha kazi ikaendelea. Inabidi paoshwe, asidi irudiwe kwa sekunde chache, kisha gundi ianze upya. Dakika kumi za kazi nzima, kuanzia kukaa kitini mpaka kutoka, hazitoshi kudhibiti fizi ya mtu yeyote.

Yapo na mengine madogo yanayojumlishika. Karafuu, kwa mfano. Mafuta yake yana yujenoli, kemikali inayozuia plastiki ya meno isigande vizuri. Dawa nyingi za kuziba kwa muda nazo zimetengenezwa kwa mafuta hayohayo. Acha kuweka karafuu kwenye hilo tundu siku kadhaa kabla ya kwenda, na umwambie daktari kwamba ulikuwa unaiweka, ili apasugue vizuri kwa unga wa pamisi (jiwe jepesi la kusugulia) na maji kabla ya kuanza. Ukisafisha meno kwa dawa za kuyafanya meupe, nazo ziachwe wiki mbili kabla, kwa sababu oksijeni inayobaki ndani ya jino inavuruga ugandaji.

Na joto letu. Gundi nyingi zimeyeyushwa kwenye asetoni au alkoholi ili zipenye. Kichupa kikiachwa wazi juu ya trei wakati feni inazunguka, mchana wa Oktoba au Novemba wa Dodoma, kile kiyeyushi kinakimbia na gundi inakuwa nzito. Tone linatakiwa lidondoshwe pale linapohitajika, kifuniko kirudi hapohapo, na chupa zinazotaka friji zikae kwenye friji. Gundi halisi, yenye tarehe nzuri, inaweza kuharibiwa kwa uzembe huo. Kwa hiyo jirani wa kwanza naye asikate tamaa kabisa.

Ziara ya nne iweje? Huna haja ya kumfundisha daktari kazi, lakini una haki ya kuuliza na ya kuomba muda. Mwambie: hili limetoka mara tatu, nina meno ya floraidi, naomba unipangie nusu saa au dakika 40. Rangi ya filingi ichaguliwe mwanzoni jino likiwa na mate, maana likikauka linakuwa jeupe kwa muda na rangi itakosewa. Kama fizi inatoka damu ukipiga mswaki, isafishwe kwanza, urudi baada ya wiki moja au mbili ikiwa imetulia. Kuziba juu ya fizi inayovuja ni kupoteza pesa. Siku ya kuziba, uzi mwembamba unaingizwa taratibu kati ya fizi na jino ili ukingo uonekane na usilowe, pamba zinawekwa shavuni, kifyonza mate kinafanya kazi muda wote, na kitambaa cha mpira cha kulitenga jino na mate kikiwepo na kikaweza kushika, bora zaidi.

Halafu gundi. Hesabu sekunde ukiwa umekaa hapo, hakuna anayekukataza. Jeli ya asidi kwenye enameli peke yake, 30 au zaidi kwa meno yako. Kwenye dentini, kama gundi inataka iguswe na jeli, isizidi 15. Watu wengi wanadhani asidi ikikaa zaidi inashika zaidi. Kwenye dentini ni kinyume: asidi inachimba chini kuliko gundi inavyoweza kufika, na nyuzi zinazobaki bila gundi zinaliwa taratibu na vimeng'enya vya jino lenyewe. Kuosha kwa maji, 15. Kufuta unyevu. Kisha gundi inasuguliwa kwa kibrashi, inasuguliwa kweli, kwa sekunde 20; kuigusisha tu hakutoshi.

Kupuliza ndiko kunakoharibiwa zaidi. Gundi ikishapakwa, uso wa jino unang'aa kama umelowa. Hewa ikianza, ule ulowevu unakimbia huku na huku kama mawimbi madogo kwenye sufuria. Anayepuliza sekunde 2 anaacha mawimbi bado yanatembea, yaani maji na kiyeyushi vimebaki ndani na vitafungiwa humo na taa. Ipulizwe kwa upole, sekunde 5 hadi 10, mpaka utando usimame kabisa, usitikisike, lakini uendelee kung'aa. Mwingine kwa pupa anapuliza kwa nguvu mpaka gundi yote inarukia shavuni; hiyo nayo haisaidii. Taa, sekunde 10 hadi 20 kufuatana na maelekezo ya kiwanda na nguvu ya taa, ncha yake ikiwa karibu kabisa na jino. Ukijumlisha yote, gundi inakula kama dakika moja na nusu. Siyo muda mrefu, ila hauna sekunde ya kuibia.

Kompoziti, yaani ile dawa ya rangi ya jino, inajazwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila moja na taa yake. Inapoganda inasinyaa asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, na ikijazwa yote kwa mkupuo inavuta gundi changa kabla haijapata nguvu. Mwisho inasuguliwa, na unang'atishwa karatasi ya rangi kuona kama jino hilo linagongwa kuliko mengine.

Sasa tupime chaguo, kwa sababu kompoziti siyo lazima. Mimi kwako ningeanza kufikiria glasi ayonoma. Ni simenti iliyotangazwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, inajifunga yenyewe na kalsiamu ya jino bila gundi, inavumilia unyevu kuliko kompoziti, na inaachia floraidi. Sisi Watanzania tuna undugu nayo: ile mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila umeme, inayotumia simenti hii dunia nzima, ilianzia hapa nchini katikati ya miaka ya 1980. Udhaifu wake ni kwamba inalika haraka kwa mswaki, haing'ai kama jino, na ile ya kawaida inavunjika kirahisi kwenye kingo nyembamba. Kuna iliyochanganywa na plastiki na kugandishwa kwa taa; hiyo ina sura nzuri zaidi na ndiyo ningeichagua kwa jino linaloonekana ukicheka. Njia ya katikati ni kuweka glasi ayonoma chini na kompoziti juu yake. Kama tundu halijafika kina cha milimita 1 na kinachokusumbua ni mshtuko wa baridi tu, inaruhusiwa pia kutolijaza kabisa, likapakwa vanishi ya sodiamu floraidi ya asilimia 5 na wewe ukatumia dawa ya meno ya kupunguza msisimko kwa wiki kadhaa. Kofia ya jino siijadili. Ni kumpiga sungura kwa rungu la tembo.

Kubadilisha kitu kimoja kati ya hivyo ni lazima. Kurudia kilekile kwa mara ya nne, hata kwa gundi ya gharama kubwa, sikushauri.

Na tundu lenyewe lilitoka wapi? Usipojibu hilo, ukingo utalika kandokando ya filingi hata ikishika. Mara nyingi ni mchanganyiko wa mswaki mgumu unaosukumwa kulia na kushoto kama msumeno, na asidi ya chakula. Dodoma hatuna uhaba wa asidi: ubuyu, ukwaju, zabibu na mvinyo wake. Hakuna anayekukataza. Kula kwa mkupuo mmoja, usimung'unye ubuyu mchana kutwa, sukutua maji baada yake, na ngoja kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu enameli iliyoguswa na asidi inakuwa laini kwa muda. Mswaki uwe laini, au ukitumia mswaki wa mti utafune ncha mpaka ilainike, usugue kutoka kwenye fizi kwenda ncha ya jino. Unga wa mkaa uache. Kama unaamka taya zimechoka au mwenzio anakusikia ukisaga meno usiku, mwambie daktari; inawezekana jino linakunjwa shingoni kila usiku na filingi inasukumwa nje, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Kinga ya plastiki ya kulalia ndiyo inayosaidia hapo.

Ule mshtuko wa maji baridi ni majimaji ya vijitundu vya dentini yanayosogea ghafla na kugusa neva, hauna maana kwamba jino limekufa wala limeoza. Baada ya kuziba unaweza kuendelea kidogo na kuisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Yanayonitia wasiwasi ni mengine: maumivu yanayoanza yenyewe bila kuguswa, yanayokuamsha usiku, yanayobaki nusu dakika au zaidi baada ya baridi kuondoka, jino linalouma ukiligonga, au kijipele kinachotoa usaha kwenye fizi. Hapo kiini kimeguswa na hadithi ya gundi imekwisha. Muone daktari wiki hiyohiyo. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, homa, kushindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje kliniki ifunguliwe kesho. Nenda General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa, au Benjamin Mkapa siku hiyohiyo, hata iwe usiku.

Supaglu, hapana. Inaganda kwa unyevu na joto lake linaweza kuunguza fizi, haikai mdomoni zaidi ya siku chache, na inaacha utando ambao daktari atalazimika kuuchimba pamoja na jino lako. Tundu likae wazi, ulisafishe kwa mswaki laini, unywe maji ya uvuguvugu. Halitaharibika kwa wiki mbili tatu.

Ila kipande usikitupe. Kioshe, kiweke kwenye kichupa safi, uende nacho. Daktari akikigeuza atajua mengi: kikiwa kimetoka kizima, mgongo laini kama kokwa la ukwaju, gundi ndiyo iliyoachia jino. Kikiwa kimevunjika na nusu yake bado iko jinoni, gundi ilishika na kompoziti ndiyo iliyoshindwa, na hapo mazungumzo yaanze na meno unavyoyagonganisha usiku.